Risasi Elfu Moja na Mstari wa Katikati

Wahenga walisema kulenga si kufuma. Methali hii tunaitumia kumpunguza kasi mtu anayesherehekea mapema: mgombea aliyeshona suti ya kuapishwa kabla kura hazijahesabiwa, au timu iliyokodi gari la wazi kabla ya fainali. Inatukumbusha kwamba kati ya nia na matokeo kuna nafasi. Ila haituambii nafasi hiyo ina ukubwa gani, wala kama inaweza kupimika.

Wapo waliojaribu kuipima, kwa futi na kwa inchi, na walianzia palepale methali ilipoanzia: kwenye kulenga. Makala haya ni historia fupi ya watu hao, yaani wapiga shabaha, mafundi na wanahisabati walioanza kuandika kila risasi ilipoangukia na kujiuliza maandishi hayo yanasema nini. Mimi ni mwandishi wa habari, sijawahi kumiliki bunduki na sina mpango huo. Kilichonivuta ni daftari. Mtu akipiga risasi kumi, tatu zikaenda pembeni, anaandika ngapi? Swali linaonekana dogo, lakini ukilifuata linakupeleka mbali, hadi kwenye hesabu ambazo mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anazitumia leo kwenye tasnifu yake bila kujua kwamba moja ya mifano yake ya kwanza ilinuka baruti.

Mtutu wenye mifuo

Kwa muda mrefu hapakuwa na sababu kubwa ya kupima. Bunduki ya askari wa kawaida wa Ulaya ilikuwa na mtutu laini ndani, na risasi yake ilikuwa kama goroli lililopwaya kidogo. Ikifyatuliwa, goroli liligonga kuta za mtutu huku na huku, na upande liliotokea mwishoni ulikuwa bahati nasibu. Ndiyo maana majeshi yalipanga askari bega kwa bega na kufyatua kwa pamoja. Shabaha mbovu ilifidiwa kwa wingi wa risasi.

Bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, ile michirizi inayoipa risasi mzunguko ili isiyumbe hewani, zilikuwepo tayari mikononi mwa wawindaji. Shida yake ilikuwa muda: kuishindilia risasi kwenye mifuo kulichukua muda ambao askari vitani hana. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa risasi iliyoingia kwa urahisi kisha ikatanuka yenyewe baruti ilipolipuka. Mwaka 1853 Waingereza wakapitisha bunduki yao ya Enfield kwa mtindo huo, na mwaka huohuo wakafungua shule ya kufundisha kulenga pale Hythe, katika jimbo la Kent. Sasa kukawa na kitu cha kupima.

Aliyelichukua jambo hilo kwa uzito wote alikuwa fundi mitambo wa Manchester, Joseph Whitworth. Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilimwendea kuhusu mashine za kutengenezea bunduki kwa wingi. Jibu lake lilikuwa la fundi kwelikweli: kabla hujajenga mashine ya kuzalisha bunduki maelfu, tujue kwanza bunduki nzuri ni ipi na kwa nini. Akajengewa banda la kupigia shabaha lenye urefu wa yadi 500 karibu na nyumbani kwake, ili upepo usimharibie vipimo. Akajaribu kipenyo kimoja baada ya kingine, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akatoka na mtutu wenye umbo la pembe sita ndani, ambamo risasi ilizunguka mara moja kila inchi 20. Enfield ilizungusha mara moja kila inchi 78.

Mwaka 1857 bunduki hizo mbili zilipambanishwa Hythe. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu namna walivyopima ndiyo moyo wa habari yenyewe.

Tuseme umepiga risasi tano kwenye ubao. Hupimi kwanza umbali wake kutoka kwenye alama uliyolenga. Unatafuta kitovu cha matundu yenyewe, yaani wastani wa kushoto na kulia na wastani wa juu na chini. Kisha unapima kila tundu liko mbali kiasi gani na kitovu hicho, unajumlisha na kugawanya kwa tano. Kama umbali ni inchi 2, 3, 3, 4 na 8, wastani wako ni inchi 4. Namba hiyo moja ndiyo inayoeleza mtawanyiko wa bunduki.

Kwa nini kitovu cha matundu, na si alama uliyolenga? Kwa sababu kuna aina mbili za kukosa. Aina ya kwanza, risasi zote zimekusanyika vizuri, lakini zimekusanyika pasipo mahali pake: labda zote ziko chini kushoto. Hiyo inarekebishika, unasogeza kilengeo na mambo yanakaa sawa. Aina ya pili, risasi zimesambaa kila upande kama kuku waliorushiwa jiwe. Hapo usogeze kilengeo unavyotaka, hakuna kitakachobadilika. Kuzitenganisha aina hizi mbili kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa ya kufikiri, na nadhani wengi wetu bado hatujaifikia katika mambo mengine. Tunamlaumu mtu aliyekosea upande mmoja kila siku, ambaye angerekebishwa kwa dakika tano, kuliko yule asiyetabirika kabisa.

Matokeo ya Hythe yalikuwa ya kutia aibu. Kwa yadi 500, wastani wa mtawanyiko wa Enfield ulikuwa futi 2.24, na wa Whitworth futi 0.37. Tofauti ni mara sita. Walipofika yadi 1,400, Whitworth iliendelea kuandikiwa namba, lakini Enfield ilitawanya mno hata haikuwa na namba ya kuandika. Safu yake kwenye jedwali ikabaki tupu. Kumbuka safu hiyo tupu: ukikosa kupita kiasi, unatoka hata kwenye rekodi.

Jeshi halikuichukua bunduki ya Whitworth. Ilikuwa ghali, na mtutu wake mwembamba uliziba haraka kwa masizi ya baruti. Lakini namba zilikwisha toka na hazikurudi ndani. Tarehe 2 Julai 1860, chama kipya cha wapiga shabaha cha Uingereza kilipofungua mashindano yake ya kwanza Wimbledon, Malkia Victoria alivuta uzi uliofyatua Whitworth iliyofungwa kwenye egemeo la chuma, yadi 400 kutoka kwenye ubao. Risasi ikatua chini ya inchi mbili kutoka katikati. Miaka minne baadaye bunduki hizo zilikuwa mikononi mwa wadunguaji wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tarehe 9 Mei 1864, Jenerali John Sedgwick wa upande wa Kaskazini alipigwa risasi na kufa pale Spotsylvania akiwa mbali na mpigaji, na wengi wanaamini silaha ilikuwa Whitworth. Ubao wa Hythe ulikuwa umepata sura ya mtu.

Kengele

Mafundi walipokuwa wakipima kwa rula, wanahisabati nao walikuwa wakijiuliza swali la ndani zaidi: je, kukosa kuna utaratibu?

Mwaka 1850 John Herschel, mnajimu maarufu wa Uingereza, aliandika uhakiki wa kitabu cha Mbelgiji Adolphe Quetelet katika jarida la Edinburgh Review. Humo akaweka mfano ambao bado unafundishwa. Chukua mpira, udondoshe kutoka juu ukilenga alama iliyo chini. Rudia mara nyingi. Herschel akasema tukubaliane mambo mawili tu: kwanza, kukosea kwenda kushoto au kulia hakuhusiani na kukosea kwenda mbele au nyuma, pili, hakuna upande unaopendelewa. Ukikubali hayo mawili, hesabu inakulazimisha kufika mahali pamoja, kwenye ule mchoro wenye umbo la kengele. Karibu na alama mipira ni mingi. Kadiri unavyotoka ndivyo inavyopungua, taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi.

Ni hoja nzuri sana, na uzuri wake ndio hatari yake. Mwaka huohuo Robert Leslie Ellis aliihoji: hayo mambo mawili umeyatoa wapi? Nani alikuambia kukosea kwa upande mmoja hakuhusiani na kukosea kwa upande mwingine? Herschel alikuwa amekaa mezani na kuamua ulimwengu unavyokosea. Hakuwa ameenda kuhesabu matundu.

Hata hivyo, kengele ilipendwa. Ilieleza makosa ya wanajimu, urefu wa watu, upana wa vifua vya askari. Ikaanza kuitwa sheria. Na kitu kikishaitwa sheria, ushahidi unaokipinga huanza kuonekana kama utovu wa nidhamu.

Ubao wa mwaka 1878

Mwaka 1878 idara ya silaha ya jeshi la Marekani ilitoa ripoti yake ya mwaka. Ndani ya kiambatisho kimoja kulikuwa na mchoro wa ubao wa shabaha. Bunduki ya mitutu mingi, jamii ya silaha ambamo Gatling ndiyo inayojulikana zaidi, ilikuwa imepiga risasi 1,000 kwa utulivu kutoka yadi 200. Ubao ulikuwa na upana wa futi 52 na kimo cha futi 11. Kilicholengwa hakikuwa duara. Kilikuwa mstari wa mlalo uliopita katikati ya ubao. Risasi zote 1,000 zilipiga ubao, na zote zikaandikwa.

Mansfield Merriman, aliyekuwa akifundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, aliuchukua mchoro huo na kuuweka kwenye kitabu chake cha kufundishia hesabu za makosa. Aliugawa ubao kwa mistari ya mlalo, kila futi moja, akapata sehemu kumi na moja. Kisha zikahesabiwa risasi za kila sehemu. Kutoka juu kwenda chini zilikuwa hivi:

1, 4, 10, 89, 190, 212, 204, 193, 79, 16, 2.

Zitazame taratibu. Katikati ni nyingi, kingoni ni chache. Zinapanda na kushuka bila kurukaruka. Mwanafunzi yeyote akiona hivyo atasema: kengele hiyo hapo. Na kwa miaka kadhaa ndivyo ilivyosomwa, kama mfano mzuri wa sheria ya makosa ikifanya kazi yake.

Mimi nilipozijumlisha niliona kitu kingine kwanza. Sehemu ya katikati ina 212. Juu yake kuna 294, chini yake kuna 494. Yaani bunduki ile ilikuwa ikipiga chini ya mstari. Hiyo ni ile aina ya kwanza ya kukosa, ya kusogeza kilengeo. Wala haisumbui kengele, maana unaweza kuihamisha kengele ishuke kidogo na mambo yakaendelea.

Mwaka 1900 Karl Pearson wa London aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu sawasawa: tukishaihamisha kengele na kuipa upana unaofaa, je, inakaa kweli? Kwa jicho inakaa. Lakini jicho si kipimo. Akapanga safu mbili. Kwanza zile risasi zilizohesabiwa. Kando yake, risasi ambazo kengele ilitarajia:

1, 6, 27, 67, 162, 242, 240, 157, 70, 26, 2.

Kisha akafanya hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaiweza. Kwa kila sehemu, chukua tofauti kati ya kilichotokea na kilichotarajiwa. Izidishe tofauti hiyo kwa yenyewe. Gawanya kwa kilichotarajiwa. Jumlisha zote. Sehemu ya tatu kutoka juu, kwa mfano, ilitarajiwa kuwa na 27 lakini ilikuwa na 10. Tofauti ni 17. 17 mara 17 ni 289. Gawanya kwa 27, unapata 10.7. Sehemu hiyo peke yake. Ukimaliza zote kumi na moja, jumla ni 45.8.

Kama kengele ingekuwa ya kweli kwa ubao ule, jumla ingetarajiwa kuwa karibu na 10. Pearson akakokotoa uwezekano wa kufika 45.8 au zaidi kwa bahati tu: mara 15 au 16 katika majaribio 10,000,000. Kwa lugha ya mtaani, haiwezekani. Risasi zile hazikuwa zimefuata sheria. Katikati zilikuwa chache kuliko ilivyopaswa, mabegani zilijaa, na kuelekea kingoni zilipungua ghafla. Kengele ya kwenye ubao ilikuwa imekandamizwa kichwani.

Kwa nini? Ukiniuliza mimi, jibu linaloingia akilini ni kwamba silaha yenye mitutu mingi si bunduki moja, ni bunduki kadhaa zilizofungwa pamoja. Kila mtutu ukiwa na kitovu chake, kimoja juu kidogo, kingine chini kidogo, ukivichanganya unapata kilima chenye kichwa bapa. Kama ni hivyo, mtawanyiko ule haukuwa na sababu moja, ulikuwa na sababu kadhaa zilizopewa jina moja.

Kipimo kile cha Pearson ndicho tunachokiita kai mraba, na darasani tulikitamka kai-skwea. Kama umewahi kufanya utafiti chuoni, ukagawa hojaji, ukaingiza majibu kwenye kompyuta na kusubiri mashine ikuambie kama kuna uhusiano, umekigusa. Mimi nilifundishwa kwa mifano ya mahindi na jinsia ya wapiga kura. Hakuna aliyeniambia kwamba katika andiko lililokizaa, pamoja na mifano ya kete, kuna ubao wa risasi 1,000.

Kinachonigusa zaidi ni hiki: kipimo kile kiliwezekana kwa sababu kuna mtu, miaka 22 kabla, alihesabu na kuandika risasi zote. Angeacha ile moja ya juu kabisa na zile mbili za chini kwa kuona zinachafua mchoro, au angeandika tu kwamba nyingi zilikaribia mstari, Pearson asingekuwa na cha kufanyia hesabu.

Risasi mtoro

Mwaka 1909 daktari mmoja wa Massachusetts, Franklin Mann, alitoa kitabu cha majaribio yake ya miaka mingi kuhusu safari ya risasi kutoka kwenye baruti hadi kwenye ubao. Alitaka kumwondoa binadamu kabisa kwenye hesabu. Akajenga nguzo nzito ya zege, akaipachika jina la mwamba wa Gibraltar, akaifunga bunduki juu yake. Akatundika karatasi njiani ili risasi izitoboe na kuacha alama za mapito yake. Bado risasi zilitawanyika. Mkono hautetemeki, pumzi haipo, na bado zinatawanyika! Mann hakuficha. Aliandika majaribio yaliyofeli pamoja na yaliyofaulu, na faida ya kitabu chake ni hiyo: aliyemfuata alijua njia zipi zimekwisha pitiwa na hazina kitu.

Wapiga shabaha wengi si kama Mann. Kipimo wanachokipenda ni chepesi: umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Rula moja, sekunde tano, umemaliza. Ubaya wake ni kwamba kinazitazama risasi mbili tu na kuzisahau nyingine. Tena kinakua kadiri unavyoendelea kupiga. Kwa hesabu ya kengele, bunduki ambayo risasi zake tatu kwa kawaida zinakaa ndani ya inchi 1, ikipiga tano zitakaa ndani ya inchi 1.27, na ikipiga kumi ni karibu inchi 1.6. Bunduki ni ileile na mikono ni ileile. Kwa hiyo anayetaka kujisifu anapiga tatu, anapima, anaondoka. Ukimwambia apige kumi, ana udhuru.

Halafu kuna risasi mtoro, ile iliyokwenda kivyake. Nne zimekusanyika, ya tano iko pembeni. Utasikia: hiyo usiihesabu, nilijua mapema kwamba nimeivuta vibaya. Rudi kwenye mfano wetu wa inchi 2, 3, 3, 4 na 8. Ifute ile 8, wastani unashuka kutoka 4 hadi 3. Umekuwa bora kwa robo nzima bila kupiga risasi hata moja zaidi. Umetumia kifutio tu.

Mtu aliyeyaunganisha haya mawili alikuwa Mmarekani Frank Grubbs, mtakwimu wa maabara za jeshi pale Aberdeen, Maryland. Mwaka 1964 alitoa kijitabu cha vipimo vya usahihi kwa ajili ya wapiga bunduki na wahandisi wa makombora, akieleza kila kipimo kina nguvu gani na kinadanganya wapi. Huyohuyo ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni ya kuamua kama namba iliyojitenga na wenzake inaruhusiwa kuitwa mtoro. Maana ya kanuni yake, ukiivua hesabu, ni ya kiungwana: huwezi kuitupa namba kwa sababu inakuudhi. Lazima useme mapema, kabla hujaiona, imejitenga kiasi gani ndipo utilie shaka.

Kilichohesabiwa na kisichohesabiwa

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi safi ya sayansi. Lakini mtu wa Afrika Mashariki akisoma ripoti ya silaha ya mwaka 1878 hawezi kujifanya hajui safari ilikoelekea. Silaha za kufyatua mfululizo ziliendelea kuboreshwa. Mwaka 1884 Hiram Maxim alitengeneza yake, iliyojipakia yenyewe kwa nguvu ya mlipuko. Huku kwetu bunduki za aina hiyo watu waliziita bombomu, kwa mlio wake.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wajerumani pale Mahenge. Ndani ya boma kulikuwa na askari wachache na bombomu. Waliokuja walikuwa wameahidiwa kwamba dawa itaigeuza risasi kuwa maji. Tunajua kilichotokea. Kwa kilima kilichojaa watu, hesabu ya mtawanyiko inageuka: bombomu haihitaji kukusanya risasi mahali pamoja. Kutawanya ndiyo kazi yake.

Sasa weka rekodi hizi mbili kando kwa kando. Ubao wa Marekani una risasi 1,000, na tunajua sehemu ya juu kabisa ilipata moja na ya chini kabisa mbili. Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa vina makadirio. Taarifa za Wajerumani wenyewe zilikaribia watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekwenda kwa wazee na kuwasikiliza, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Kati ya namba ya kwanza na ya mwisho kuna watu zaidi ya laki mbili. Hao ndio safu tupu ya jedwali letu. Dola zilizokuwa na uwezo wa kupima tundu kwenye ubao hadi sehemu ya mia ya futi hazikuona sababu ya kuwaandika waliokufa kwa njaa Ungoni na Upogoro. Walijua kuhesabu. Waliamua nini kihesabiwe.

Duara linalochorwa baadaye

Kuna kisa cha mzaha kuhusu mtu wa Texas aliyefyatua risasi ovyo kwenye ukuta wa ghala lake, kisha akaenda na kopo la rangi akachora duara pale matundu yalipokuwa mengi. Majirani wakapita wakastaajabu: jamaa ana shabaha huyu!

Kwa Kiswahili neno shabaha linabeba maana zote mbili, ubao unaolengwa na lengo la mpango. Kila mradi una shabaha zake, kila wizara, kila shirika. Kazi yangu inanipa nafasi ya kusoma ripoti nyingi za aina hiyo, na ninamwona mtu wa Texas mara kwa mara. Tuseme mradi umechimba visima kumi. Vitatu vinatoa maji, na picha za ripoti ni za hivyo vitatu, akina mama wakitabasamu na ndoo. Vile saba havijakanushwa wala havijatajwa. Ni risasi watoro. Au lengo lilikuwa shule ishirini, zikajengwa nane, na ripoti ya mwisho inasema shabaha ilikuwa "kuboresha mazingira ya kujifunzia", ambayo bila shaka imefikiwa. Duara limechorwa baada ya risasi.

Hakuna uongo hapo unaoweza kuunyooshea kidole. Kila namba iliyoandikwa ni ya kweli. Udanganyifu uko kwenye zile ambazo hazikuandikwa, na ndiyo maana ni mgumu kuupeleka kwa mhariri.

Ndiyo sababu siku hizi, kabla ya kuuliza mradi umefaulu kiasi gani, nauliza maswali ya mpiga shabaha. Zilipigwa ngapi kwa jumla? Duara lilichorwa lini, na nani? Zilizokosa zilikwenda upande mmoja, tukasogeze kilengeo, au zilitawanyika kila mahali? Na ile moja isiyotajwa iko wapi? Majibu huchelewa. Mara nyingine naambiwa takwimu hizo hazikukusanywa, na hilo nalo ni jibu, nalichapisha kama lilivyo.

Pearson alikanusha sheria iliyopendwa akiwa mbali na uwanja wa risasi, kwa kalamu, kwa sababu mtu ambaye jina lake silijui alisimama mbele ya ubao wa futi 52 akahesabu matundu elfu moja, na alipofika sehemu ya juu kabisa, penye tundu moja tu, akaandika: 1.